Beki Aliyenong'ona Kithai

Jumamosi, 6 Julai

Amefika. Nilitarajia mtu mwembamba kama mama yake, kumbe ni pandikizi la mtu. Aliinama kupita mlangoni na bado akagonga paji la uso. Mume wangu, Sanoh, alicheka mpaka akakaa chini. "Mlango huu ulijengwa kwa ajili ya watu," akamwambia, "siyo minara." Kijana naye akacheka, akaunganisha viganja kunisalimu, vidole vikafika puani kama inavyopasa. Hilo angalau alifunzwa.

Anaitwa Iwan, ana miaka ishirini na minne. Mama yake ni Chanpheng, mdogo wangu wa tumbo moja. Baba yake ni Mwelisi, fundi wa kuezeka mapaa. Akiwa na miaka tisa aliingia kwenye shule ya soka ya klabu kubwa huko kwao. Akiwa na kumi na saba alivaa jezi nyekundu ya vijana wa Wales, mara moja, dakika ishirini. Akiwa na kumi na tisa klabu ikamwambia asante na kwaheri. Tangu hapo siku za kazi aliezeka na baba yake, na Jumamosi alicheza mpira mbele ya watu mia mbili na mbwa wao. Sasa Nyati, timu ya mkoa wetu, wamemsajili dirisha dogo awe beki wa kati. Mkataba ni mpaka ligi iishe mwezi wa tisa. Wakiridhika naye, watampa miaka miwili. Wasiporidhika, anarudi juu ya mapaa.

Gazeti la mkoa limemwita "mtoto nusu". Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne, wala sijawahi kuandikisha nusu mtoto.

Hata hivyo sikumtaka. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Chanpheng hakuja kumzika mama yetu, na ni miaka kumi na moja sasa tunazungumza kwa simu kama majirani wasiopendana. Alipoomba nimpokee mwanawe nilikubali kwa sababu Sanoh alikuwa ameshakubali.

Jumapili, 7 Julai

Alikwenda mjini kununua soksi, akarudi na bodaboda. Alitaka kumwambia dereva kwamba nyumba iko karibu. Neno letu ni *klai*. Ukilisema kwa sauti iliyonyooka ni mbali. Ukianzia juu na kuiporomosha sauti ni karibu. Mtoto wa miaka miwili hakosei. Yeye alinyoosha. Nilikuwa nimesimama uani na ufagio nikawaona wanapita mbele ya nyumba kwa kasi, akapelekwa mpaka tarafa ya pili. Amerudi kwa miguu saa nane mchana, uso mwekundu kama pilipili.

"Mama yako alikufundisha nini huko?" nikamuuliza.

"Yote ninayojua, Mama mkubwa," akasema. Anazungumza chini chini mno kwa mtu mwenye kifua kile. Nilimwambia arudie mara mbili ndipo nikasikia.

Jumatano, 10 Julai

Hakuna mvua. Miche inageuka njano kitaluni. Anakula wali wa kunata kutushinda sisi wawili pamoja.

Jumatano, 17 Julai

Watawa wameingia hekaluni kwa miezi mitatu yao ya mvua, na mvua yenyewe imewafuata jioni. Hatimaye! Sanoh alisimama uani akalowa makusudi, mtu mzima wa miaka sitini na tatu.

Ijumaa, 19 Julai

Tumeanza kupandikiza. Iwan ana mapumziko leo, akasema atasaidia. Nikamwambia hii siyo kazi ya miguu iliyokatiwa bima na klabu, akaingia jarubani hivyo hivyo na kuzama mpaka magotini. Majirani waliacha kazi zao kuja kutazama.

Lakini saa tano nilipita nyuma yake kukagua, na mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya Sanoh. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema ni kama vigae vya mawe vya baba yake, kila kimoja kinakaa kati ya viwili vilivyotangulia, ukikosea cha kwanza paa zima linavuja. Niliuchunguza ule mstari nikitafuta kosa. Sikuliona.

Jumapili, 21 Julai

Mechi yake ya kwanza, ugenini. Tumesikiliza redioni. Mtangazaji aliposoma majina alisita, maana kwetu kutanguliza "I" kabla ya jina la mwanamke ni kumtukana, na "wan" iko karibu na neno letu la utamu. Kwa hiyo mkoa mzima ulisikia kana kwamba beki mpya anaitwa Yule Bibi Mtamu. Wachezaji wenzake wameamua kumwita Wan tu, kwa amani ya wote.

Tumeshinda moja bila. Mtangazaji alisema "ameokoa Wan" mara kumi na mbili. Sanoh ndiye aliyehesabu, mimi nilikuwa napika.

Jumapili, 28 Julai

Mvua siku nzima. Chura ameingia kwenye kiatu cha mpira cha Iwan. Amekataa kumtoa mpaka atoke mwenyewe.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekaa kitako kuandika haya na hasira bado haijanitoka.

Sanoh alinilazimisha niende uwanjani. Sijawahi kuingia uwanja wa mpira tangu nizaliwe. Tulikaa karibu na wapiga ngoma, mimi nimevaa jezi ya zamani ya Sanoh inayonifika magotini. Na nitasema ukweli: kwa dakika sabini nilivimba kwa fahari. Kila mpira wa juu ulioletwa, kichwa cha Iwan kilikuwepo kabla haujafika. Hakuwa na papara. Mshambuliaji wao, mtu mzito mwenye hila, alimvuta jezi, akamkanyaga, akamsemesha maneno, na Iwan alikuwa anamtazama kama mimi ninavyomtazama mtoto anayedai kalamu imepotea. Mwanamke mmoja mbele yangu akasema, "Huyu mrefu wanamlisha nini?" Nikamjibu, "Wali wangu."

Dakika ya sabini na tatu mpira ulirudishwa kwa kipa wetu. Anaitwa Mot, maana yake sisimizi, na ana kilo tisini. Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe. Mot alikuwa ameugeukia mpira, na yule mshambuliaji akawa anakuja mbio upande wa kisogo chake. Iwan akamwona. Akapaza sauti: "Klai!"

Alitaka kusema yuko karibu. Ikatoka imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Yuko mbali.

Basi Mot akatulia. Akaweka mguu juu ya mpira kama mtu aliyeko barazani kwake, akainua macho kutafuta wa kumpa. Mshambuliaji akauchomoa chini ya kiatu chake na kuusukuma kwenye lango tupu.

Kikalipuka kicheko, maana watu wote walilisikia lile neno na wote wakaelewa kilichotokea. Baada ya kicheko yakafuata matusi. Mwanamume nyuma yangu akasimama juu ya kiti: "Nusu mtu, nusu lugha! Rudi kwenu!"

Nikageuka. "Nani nusu?"

"Bibi, tazama mpira."

"Mpira nautazama. Huyo ni mwanangu. Rudia tena ulilosema, nikufuate mpaka kwenu nikamuulize mama yako alikulea vipi."

Akanitazama vizuri, sauti ikamshuka. "Mwalimu Bualai?"

Nilikuwa nimemfundisha huyo naye. Hata enzi hizo alikuwa anasoma kwa kubahatisha. Akashuka kwenye kiti, akaunganisha viganja, akakaa.

Tumefungwa moja bila. Iwan hajala. Nimempelekea wali mlangoni kwake, akaniambia ahsante, sauti hata mlango haikuvuka. Nami najiuliza hilo neno *mwanangu* lilinitokaje mdomoni. Sanoh na mimi hatukujaliwa mtoto, na sina mazoea ya kulitumia.

Jumapili, 4 Agosti

Mot amekuja na kishada cha matunda na uso wa msiba. Akakaa sakafuni mbele yangu kama zamani, magoti pamoja.

"Mwalimu, mimi simchukii Wan. Ni beki bora kuliko wote niliowahi kucheza nao. Ila video ya lile bao imeenea nchi nzima, na mwanangu wa darasa la nne ameitazama shuleni."

"Kocha anasemaje?"

"Kocha Prawet anasema beki wa kati bubu hamhitaji. Beki wa kati ndiye anayeona uwanja mzima, lazima atuongoze. Kama hawezi, mwezi wa tisa waagane."

"Si aseme neno jingine? Aseme 'anakuja' tu, yaishe."

"Amejaribu. Mazoezini anasema vizuri kabisa. Mambo yakichacha, mdomo unajichagulia wenyewe." Akakuna shingo. "Nilikuwa nafikiri, Mwalimu, wewe ulinifundisha mimi kusoma. Hata baba yangu alikuwa amekata tamaa."

Hilo ni kweli.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimemtoa Iwan kitandani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimemsimamisha kwenye ukingo wa jaruba, mimi nikasimama hatua ishirini mbele yake. Sheria ni moja: aniite nije karibu. Akiporomosha sauti, nasogea hatua kumi kumfuata. Akinyoosha, narudi nyuma hatua kumi, maana kaniambia mbali.

Kufika saa moja nilikuwa ukingoni mwa bwawa la jirani.

"Mama mkubwa, rudi!" akasema.

"Niite!"

"Klai!"

Nikaingia majini mpaka vifundoni. Jirani alikuwa anaswaki meno nje, akakaribia kumeza mswaki. Lakini sikucheka, na Iwan hakucheka. Nilimwonyesha kwa mkono kama ninavyowaonyesha wa darasa la kwanza: kiganja kinaanza juu usawa wa sikio, kinadondoka mpaka kiunoni, na sauti inakifuata kiganja.

Alhamisi, 8 Agosti

Kumi kwa kumi. Anaporomosha vizuri kuliko mtangazaji wa redio. Nimempa yai la ziada.

Jumamosi, 10 Agosti

Ugenini. Kocha amempanga kwa sharti kwamba asifungue mdomo. Amecheza bubu dakika tisini. Yeye na beki mwenzake waligongana vichwa mara mbili kwa sababu hakuna aliyesema mpira ni wa nani. Sare.

Niliposikia hivyo nikamwambia kesho asubuhi tunaendelea, na safari hii apige kelele kweli kweli, kama uwanjani.

Jumapili, 11 Agosti

Akizungumza, ni sahihi. Akipaza kidogo, ni sahihi. Akipiga kelele, inanyooka. Mara thelathini, mara zote thelathini. Sijawahi kuona kitu kama hicho kwa mtoto yeyote. Masikio anayo, akili anayo, ulimi anao. Nimerudi nyumbani kichwa kinaniuma na mvua imenikuta njiani.

Jumatatu, 12 Agosti

Siku ya Mama. Miaka yote siku hii nafunga mlango mapema, nasema naumwa kichwa.

Leo Iwan ameingia na taji la maua ya yasmini, akapiga magoti mbele yangu, akainama mpaka paji la uso likagusa miguu yangu. Mtu wa urefu ule kuinama vile ni kazi. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Niliiweka kichwani mwake, basi. Sanoh akatoka nje ghafla, akidai kuna kuku anayelia.

Kisha nikamwambia, tumpigie mama yako.

Chanpheng akapokea. Kwao kulikuwa kumekucha muda si mrefu. "Dada," akanong'ona. Na pale pale kitu kikanigusa. Miaka yote hii kwenye simu Chanpheng amekuwa akininong'oneza, nami nilidhani ni aibu, au kiburi.

"Chan, kwa nini unanong'ona?"

"Mama mkwe amelala. Ukuta ni mmoja."

"Ulikuwa unamsemesha mwanao kwa sauti gani, utotoni?"

"Hii hii."

"Siku zote?"

"Dada, nyumba ile wote wanasema Kiwelisi. Ni watu wema, hawajanionea. Mimi nikajifunza Kiwelisi miaka minne, nikawa naimba nao kanisani. Kithai kikabaki cha kitandani, mtoto akisinzia. Nilikuwa namsimulia mashamba yetu sikioni."

"Hukuwahi kumfokea? Akivunja sahani? Akikimbilia barabarani?"

"Nilimfokea kwa Kiwelisi, ili wengine wasaidie kumshika." Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Ningempigia nani kelele kwa Kithai? Nani angenijibu? Hata Mama alipokufa, dada, nililia kwa Kiwelisi. Nilitaka mtu anielewe."

Nilikaa na simu sikioni. Iwan alikuwa ananiangalia tu, taji la yasmini bado liko mapajani mwangu. Miaka kumi na moja nilikuwa nimemwekea Chanpheng swali moja, kwa nini hukuja, nimelinoa na kulitunza. Leo nilipolitafuta sikuona haja ya kuliuliza. Nikamwambia mpunga umeshika vizuri mwaka huu. Akaniuliza ni wa aina gani. Tukazungumza mpunga nusu saa.

Kwa hiyo kijana hana kasoro yoyote. Anakijua Kithai chote cha kunong'ona. Cha kupiga kelele hajawahi kukisikia.

Jumanne, 13 Agosti

Nimetangaza sheria mpya: katika nyumba hii hakuna kuzungumza chini. Anayetaka chumvi apige kelele.

Jumamosi, 17 Agosti

Kocha amemweka benchi. Sisi tunaendelea. Ninamfokea Iwan tangu asubuhi. Nimemfokea kwa taulo sakafuni, kwa jogoo, kwa hali ya hewa. Sanoh hajui kufoka, amenioa miaka thelathini na mitano, hakuwahi kuhitaji. Akamwambia Iwan, "WAN! TAFADHALI! KAMA HUNA KAZI! NIPITISHIE MAJI!" Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Iwan anajibu kwa kelele, bado zimenyooka. Ila leo moja imepinda kidogo mwishoni. Nimeisikia.

Jumatano, 21 Agosti

Mtawa mkuu ametuma mtu kuuliza kama mimi na Sanoh tunaachana.

Jumamosi, 31 Agosti

Dhoruba siku ya tatu. Mto umevuka barabara. Kiwanja cha mazoezi kina samaki.

Jumapili, 1 Septemba

Leo ningeweza kuwa mjane.

Maji yalipanda usiku, na asubuhi majaruba yote yalikuwa ziwa moja. Sanoh akaingia na jembe kwenda kubomoa ukingo wa chini ili maji yatoke, la sivyo mpunga wote ungeoza. Alifika, akabomoa. Shida ilikuwa kurudi. Kingo zote zimefunikwa, na kando ya ukingo ule kuna bwawa tulilochimba wenyewe, urefu wa watu wawili kwenda chini. Sanoh hajui kuogelea. Mvua ilikuwa inampiga usoni, haoni hata mkono wake, na maji yameshamfika kifuani. Nilimwona anasimama, anapapasa kwa mguu, anakwenda upande wa bwawa.

Mimi, mwanamke wa kelele kijiji kizima, sauti ilinikauka. Nilifungua mdomo hakikutoka kitu.

Iwan alikuwa ameshapanda juu ya paa la kibanda cha shamba. Mapaa anayajua. Kutoka juu aliuona ukingo chini ya maji, mstari wa nyasi tu. Akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu:

"Baba mkubwa! Simama! Kushoto! Kushoto! Klai!" Imenyooka: bado ni mbali. Sanoh akajisogeza kushoto, maji shingoni. "Klai! Klai! Njoo!" Bado mbali. Kisha sauti ikaanzia juu kabisa, ikaporomoka ikapasua mvua: "Klai! Klai, Baba mkubwa! Kanyaga!"

Karibu. Sanoh akakanyaga, akapata ardhi, akatoka majini mpaka kiunoni, halafu mpaka magotini. Aliufuata ukingo kwa maneno ya Iwan hatua kwa hatua, mbali na karibu, mbali na karibu, na kila neno lilitua mahali pake.

Alipofika kwangu nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Akasema, "Mwalimu, umesikia? Zote sahihi." Midomo imemwiva rangi ya zambarau kwa baridi, lakini ndilo neno la kwanza alilosema.

Iwan hakuwa na habari kwamba amepatia. Nilipomwambia, alikaa juu ya paa akajifunika uso.

Jumanne, 3 Septemba

Maji yameshuka. Robo ya mpunga imekwenda. Iliyobaki imesimama, na mistari ya Iwan imo.

Jumamosi, 14 Septemba

Mot alikwenda mwenyewe kwa Kocha Prawet kumwambia, "Mpange Wan, na umwache aseme. Lango ni langu, aibu itakuwa yangu." Amepangwa kipindi cha pili. Mot anasema walisikilizana kila neno. Tumefungwa mbili kwa moja, lakini mabao yote yalikuwa ya kipindi cha kwanza.

Imebaki mechi moja. Sare inatutosha kubaki daraja la pili. Kuhusu mkataba, Kocha amesema atamjibu Iwan baada ya filimbi ya mwisho, siyo kabla.

Jumapili, 22 Septemba

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mvua ilianza pamoja na mpira. Nilimpigia Chanpheng kabla wachezaji hawajaingia. Kwao ilikuwa adhuhuri, wametoka kanisani, wameketi kula. Nikamwambia asikate simu, aiweke kando ya sahani. Nikaiinua yangu hewani.

Tangu dakika ya kwanza sauti ya Iwan ilikuwa juu ya ngoma. "Mot, tulia, yuko mbali! Kulia, mbaneee! Acha, wangu! Karibu, Mot, karibu, piga!" Anamwamrisha mtu wa miaka thelathini na minne mwenye watoto wawili, na Mot anatii. Ikafika mahali watu wa jukwaa letu wakaanza kuitikia. Iwan akisema *klai* ya kuporomoka, jukwaa zima linaporomosha naye, na viganja vyao vinashuka kutoka sikioni mpaka kiunoni. Wengi wao niliwafundisha mimi. Hakuna aliyekuwa anacheka.

Tulikuwa sare, bao moja kwa moja, mpaka dakika ya themanini na tisa. Hapo mpira mrefu ukaja nyuma ya mabeki wetu, Mot akatoka langoni kuufuata. Angeufikia kwa raha, ila ukatua kwenye dimbwi, ukakwama. Mot alikuwa ameinama, maji machoni, na mshambuliaji wao anakuja kutoka pembeni asikoonekana. Ilikuwa ni ile ile ya Agosti. Uwanja mzima uliijua. Kelele zilikatika kana kwamba mtu amefunga mlango.

"Klai!"

Ilianzia juu na kuanguka. Mot hakugeuka kuhakikisha. Alijitupa dimbwini mzima mzima, kilo zote tisini, akaukumbatia mpira, na yule mshambuliaji akamruka na kuteleza mpaka kwenye mabango ya matangazo.

Filimbi ilipolia nilikuwa nimemshika shati mwanamume nisiyemjua. Kocha Prawet akavuka uwanja katika mvua, akamshika Iwan shingoni kwa sababu mabegani hafiki, akamwambia kitu. Iwan akasimama kidogo. Kisha akaja mbio mpaka kwenye uzio wetu, matope mpaka kwenye nyusi.

"Miaka miwili!" alipiga kelele. "Mama mkubwa! Wamenipa miaka miwili!"

Kila mtu alisikia. Sanoh alikuwa analia waziwazi, na sikumwambia anyamaze. Nikaikumbuka simu. Nikaiweka sikioni.

"Chan. Umesikia?"

"Nimesikia," akanong'ona.

"Basi mjibu mwanao. Anasubiri hapa kwenye uzio."

"Dada, wote wako mezani. Mama mkwe yuko hapa."

"Mjibu."

Nikafungua spika ya simu, nikaigeuza upande wa Iwan. Nikasikia kiti kinasukumwa nyuma. Halafu mdogo wangu akapiga kelele, kwa lugha ya kijiji chetu, kwa sauti aliyokuwa nayo tulipokuwa wasichana tukiitana kutoka jaruba moja hadi jingine: "Wan! Mwanangu we! Mama amekusikia! Umesema vizuri! Umesema vizuri, mwanangu!" Safu tatu za watu ziligeuka. Upande wa pili kijiko kikaanguka, na sauti ya bibi kizee ikauliza kitu kwa Kiwelisi, bila shaka anauliza kuna nini, nani kafa. Na Chanpheng, bila kushusha sauti hata kidogo, akamjibu kwa Kithai.